Redio, Simu, Harusi au Ukumbi: Njia ya Kukitambulisha Kikundi cha Unguja kwa Wasikilizaji wa Malindi na Lamu

Shabiki wa taarab aishiye Malindi, ambaye amekipenda kikundi cha Unguja na anatamani majirani zake nao wakijue, ana njia nne kubwa za kufuata: kukiombea nafasi redioni, kukisambaza kwa simu, kukiingiza katika harusi, au kukiandalia onyesho la tiketi. Kila njia ina wanaoisifu. Katika makala haya ninazilinganisha kwa maswali matatu ambayo naona ndiyo yenye uzito: je, msikilizaji mpya akishausikia wimbo ataweza kukitafuta kikundi na kukipata? Je, kikundi chenyewe kitafaidika nini? Na je, shabiki atagharimika kiasi gani, kwa fedha, kwa muda na kwa jina lake mbele ya watu? Mfano wangu ni taarab asilia kwa kuwa ndiyo niipendayo kwa dhati, lakini aliyependa bendi ya dansi ya Dar es Salaam au kikundi cha twarab cha Ngazidja atakuta mengi yanamhusu.

Muziki wa mwambao haukuanza jana kuvuka mipaka. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi, na santuri zao zikauzwa na kusikilizwa pwani nzima. Zama za kaseti zilipofika, Mbwana Radio Service ya Mombasa ilirekodi na kuuza taarab iliyosafiri mikononi mwa abiria wa mabasi na wa majahazi. Ndugu Wilson na George Peter Kinyonga, wenyeji wa Tanga, walivuka wakaanzisha Simba Wanyika nchini Kenya mwaka 1971, na mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wa bendi hiyo wakajitenga wakaunda Les Wanyika. Leo wapo Wakenya wengi wanaozihesabu bendi hizo kuwa zao kabisa. Nayataja haya kwa sababu yanaonyesha kuwa msikilizaji wa Malindi hahitaji kufundishwa kuupenda muziki wa jirani yake. Anachohitaji ni kuusikia akiwa ametulia, na kuambiwa jina la aliyeuimba.

Kabla ya kuchagua njia

Jambo la kwanza ni kuzungumza na kikundi chenyewe, na kulifanya kabla ya jingine lolote. Mashabiki wengi huanza kusambaza, kisha ndipo wakagundua kwamba kikundi kina kurasa mbili za zamani zisizotumika, kwamba jina lake huandikwa kwa namna tatu, au kwamba wimbo walioupenda ni wa kikundi kingine. Mwombeni kiongozi wa kikundi awape vitu vinne: jina kama wanavyotaka liandikwe, kiungo kimoja cha ukurasa rasmi, nyimbo mbili au tatu walizoziruhusu zitumike kujitangaza, na namba ya mtu anayepokea mialiko. Ulizeni pia kama nyimbo zao zimesajiliwa COSOZA, ambayo ndiyo taasisi ya hakimiliki ya Zanzibar, kwa maana mirabaha ya mtunzi hupitia katika makubaliano ya taasisi za nchi na nchi, na wimbo usiosajiliwa kwao hauna wa kuudai huku.

Redio na simu

Watu huzitaja njia hizi mbili kana kwamba moja ni ya wazee na nyingine ni ya vijana. Nadhani tofauti yao kubwa iko penginepo: redio huwafikia watu wasiokujua wewe, na simu huwafikia wale ambao tayari wanakuamini.

Tuanze na redio. Malindi bado ina wasikilizaji wengi wa redio kuliko wanavyodhani wanaoshinda mitandaoni. Iko jikoni tangu asubuhi, iko kwa fundi cherehani, iko katika tuktuk ipitayo sokoni, na alasiri iko barazani. Vituo vya Pwani kama vile Pwani FM ya KBC, Radio Rahma na Baraka FM vinatangaza kwa Kiswahili na vina wasikilizaji wanaoithamini taarab. Mtangazaji wa kipindi cha taarab hupokea salamu na maombi ya nyimbo kila siku, na mara nyingi angependa kupiga kitu kipya kama angekipata kikiwa safi. Hapo ndipo kazi ya shabiki ilipo. Usiombe wimbo ambao mtangazaji hana. Mpelekee kwanza wimbo uliorekodiwa vizuri, uliotolewa na kikundi chenyewe na haukuchopolewa kutoka kwenye video, pamoja na maelezo mafupi: kikundi ni cha wapi, nani anaimba, nani ametunga shairi, nani anapiga fidla au kanuni, na wimbo unazungumzia nini. Mtangazaji aliyepewa maelezo atayasema hewani; asiyepewa ataupiga wimbo na kuendelea na salamu, na wasikilizaji watabaki wakiuliza huyu alikuwa nani.

Gharama ya njia hii ni ndogo: muda wako, salio kidogo na subira. Udhaifu wake ni kwamba wimbo ukishapita umepita. Aliyekuwa akikaanga viazi hakuandika jina, na kesho yake hana pa kuanzia. Mirabaha nayo haifiki haraka kwa mtunzi aliye nchi nyingine, kwa hiyo shabiki mkweli hatakiahidi kikundi kuwa kupigwa redioni kutawapa fedha mwezi ujao. Faida ya redio ni heshima. Wimbo uliosikika redioni huonekana na watu wazima kuwa umepimwa, na mama anayetafuta waimbaji wa harusi ya bintiye hulikumbuka jina lililotamkwa na mtangazaji anayemwamini.

Simu inafanya kazi kwa namna nyingine, na hapa nitakaa zaidi kwa sababu ndipo mashabiki wanapopoteza nguvu nyingi bila kukifaidisha kikundi wanachokipenda.

Tendo lililo rahisi kuliko yote ni kuuchukua wimbo wenyewe na kuutuma WhatsApp. Unasikika papo hapo, hauhitaji bando kubwa, na bibi asiyejua kufungua kiungo anaugusa tu ukaimba. Lakini faili likishatoka mikononi mwako halibebi jina la kikundi, halihesabiki popote, na halimrudishi msikilizaji kwa mwenye wimbo. WhatsApp yenyewe imeweka mipaka ya usambazaji: tangu mwaka 2019 ujumbe hupelekwa kwa gumzo zisizozidi tano kwa mara moja, na tangu mwaka 2020 ule uliokwisha kusambazwa mara nyingi hupelekwa kwa moja moja. Kiungo cha ukurasa rasmi ni kizito zaidi kwa mpokeaji, ila kila anayekifungua anahesabika na anaona nyimbo nyingine za kikundi hicho hicho. Ushauri wangu ni kutuma kipande cha sauti cha nusu dakika, ulichokirekodi kwa idhini, kikifuatwa na kiungo na maneno yako mwenyewe kuhusu kwa nini umeupenda wimbo huo. Maneno yako ndiyo yatakayomfanya shangazi yako afungue. Ukiweka kwenye hali yako ya WhatsApp, kumbuka kwamba hufutika baada ya saa 24, hivyo weka siku ya Ijumaa alasiri au Jumapili jioni, watu wanapokuwa na nafasi.

Swali linalofuata ni kiungo cha wapi, na majukwaa hayalingani kwa muziki kama wetu. YouTube huanza kuilipa chaneli fedha za matangazo inapofikisha wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa hadharani ndani ya miezi 12. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Wimbo wa dakika tatu, hata ukitazamwa wote, unahitaji kufunguliwa mara 80,000 ili kufika hapo. Wimbo wa taarab wa dakika nane, ukisikilizwa wote, unahitaji mara 30,000. Urefu wa taarab, ambao vijana wengine huuona mzigo, ni mtaji pale YouTube, mradi msikilizaji asikatize njiani. Spotify, ambayo imefika Kenya na Tanzania tangu mwaka 2021, huhesabu usikilizaji baada ya sekunde 30, na wimbo wa dakika nane unahesabiwa mara moja tu kama ule wa dakika tatu. Tena tangu mwaka 2024 wimbo usiofikisha usikilizaji 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi chochote kutoka fungu la fedha la wenye rekodi. Kwa hiyo shabiki wa taarab asilia mwenye nguvu ya kusukuma kiungo kimoja tu asukume cha YouTube, na awaombe wenzake wasikilize hadi mwisho na wajiandikishe kwenye chaneli. Hizo mara 1,000 za kujiandikisha ndizo ambazo shabiki mmoja mwenye jamaa wengi anaweza kuzisaidia kwa macho.

Hata hivyo kuna mpaka ambao haupasi kuvukwa. Lipo pendekezo linalozunguka katika makundi ya mashabiki kwamba mtu auache wimbo ujirudie usiku kucha akiwa amelala, au anunue watazamaji. Majukwaa huusaka usikilizaji wa namna hiyo, huufuta, na Spotify huzitoza faini kampuni zilizopeleka kwake nyimbo zilizosukumwa kwa hila, nazo huweza kuuondoa wimbo. Atakayeumia ni kikundi, ambacho huenda hakikujua lolote. Vivyo hivyo kupakia upya video ya kikundi kwenye chaneli yako, hata kwa nia njema, kunaigawa hesabu yao na kukupa wewe watazamaji waliokuwa wao.

Nikiziweka njia hizi mbili bega kwa bega, nampa redio kazi ya kukitambulisha kikundi, na simu kazi ya kumshika msikilizaji asipotee. Mwenye muda wa alasiri na asiye na fedha aanze na redio. Aliye na makundi hai ya jamaa, ya chama cha kina mama, ya waliosoma pamoja, aanze na simu. Kama ni lazima kuchagua moja tu kwa Malindi, nachagua redio. Kwa Lamu nachagua simu, kwa sababu mji ule ni mdogo, watu wanajuana kwa koo na mitaa, na kiungo kilichotumwa Mkomani hufika Langoni kabla ya Isha.

Harusi na onyesho la tiketi

Hapa gharama zinapanda, na matokeo yanapanda pia. Hakuna tangazo lililo sawa na kumsikia mwimbaji akiwa mbele yako.

Harusi ndiyo njia niipendayo kuliko zote, na nitasema wazi kwamba naipendelea. Familia imekwisha kuamua kutumia fedha kwa ajili ya muziki, wageni wamekwisha kualikwa, na wote wamekuja wakiwa na moyo wa furaha. Kikundi hakihangaiki kuuza tiketi. Kinapata malipo yaliyokubaliwa kabla, na juu yake kinatunzwa: kila mama anayeguswa na ubeti husimama, hucheza hadi mbele na kumtuza mwimbaji. Kisha upo wimbo wa bi harusi, ambao kikundi hutunga kwa majina ya familia mbili, na wimbo huo hukumbukwa na ukoo mzima kwa miaka. Kikundi kilichoimba vizuri harusi moja ya Malindi huulizwa namba na kina mama usiku ule ule.

Ila harusi ina sharti lake linalopingana na njia ya simu. Katika mkusanyiko wa kina mama wa Kiislamu, ambapo wanawake wamejifunua na kujipamba, kupiga picha au video hakuruhusiwi, na mara nyingi simu huzuiwa mlangoni. Shabiki asiijaribu desturi hiyo kwa sababu yoyote. Maana yake ni kwamba kikundi kitaimba vizuri kuliko siku zote na hakutakuwa na kipande cha kuweka mtandaoni. Jina litabebwa kwa mdomo tu. Kwa hiyo mshereheshaji apewe jina la kikundi mapema na alitamke mara kadhaa, na iandaliwe kadi ndogo yenye jina, namba na ukurasa, iwekwe pamoja na zawadi za wageni. Kadi hiyo hubaki mkobani.

Ukubwa wa kikundi ni jambo la kuamua mapema. Okestra kamili ya taarab asilia, yenye fidla kadhaa, kanuni, udi, akodioni, besi, ngoma na waitikiaji, inaweza kuwa na watu zaidi ya kumi na watano, na nauli yao ni mzigo kwa familia ya kawaida. Unguja kuna kidumbaki, muziki wa kundi dogo lenye fidla, sanduku linalopigwa kama besi, ngoma ndogo mbili ziitwazo vidumbaki, na mwimbaji, ambao asili yake ni harusi na uchezaji. Wanamuziki wengi wa taarab wanaumudu. Shabiki anayetaka kuishawishi familia kwa mara ya kwanza apendekeze kundi la watu watano au sita la namna hiyo, na okestra ije wakati jina limekwisha kuenea.

Safari nayo ina masharti. Kikundi kinaweza kuvuka kwa boti kutoka Unguja kupitia Pemba hadi Tanga, kikaingia Kenya kwa Horohoro na Lunga Lunga, kikapita Mombasa, kisha kilomita zipatazo 120 hadi Malindi. Anayekwenda Lamu anaongeza barabara ya Garsen na Witu, zaidi ya kilomita 200 nyingine, hadi Mokowe, na kutoka hapo boti. Raia wa Tanzania hahitaji viza kuingia Kenya, lakini kuingia kwa matembezi na kuingia kwa kazi yenye malipo ni mambo mawili tofauti: mwanamuziki anayelipwa anapaswa kuombewa pasi maalum ya muda mfupi katika Idara ya Uhamiaji. Ni vyema mwenyeji wa Kenya alishughulikie jambo hilo kwa jina lake, kwa kuwa yeye ndiye anayealika. Malipo ya awali yanaweza kutumwa kwa M-Pesa kutoka Kenya hadi kwa mwenye M-Pesa ya Tanzania, huduma iliyopo tangu mwaka 2015, na ni heshima kuyatuma mapema ili kikundi kisikope nauli.

Onyesho la tiketi lina uzuri mmoja ambao harusi haina: kila mtu anaweza kuja, wanaume kwa wanawake, mwenyeji na mgeni, na kurekodi kunaruhusiwa. Video moja safi ya onyesho la hadhara la Malindi inaweza kutumika mwaka mzima. Lakini hatari yote ya fedha inamwangukia mwandaaji. Tuseme ukumbi, vipaza sauti, nauli, malazi, chakula, ulinzi, ruhusa za kaunti na malipo ya kikundi vinafika shilingi 240,000. Kwa tiketi ya shilingi 500 unahitaji watu 480 waliolipa kabla hujapata hata shilingi moja ya faida, na kikundi ambacho watu hawajakizoea hakiwezi kuwaleta watu 480 kwa mara ya kwanza. Ndiyo maana siwashauri mashabiki waanze na ukumbi. Waanze na harusi mbili au tatu, wahesabu kina mama wangapi waliuliza namba, kisha ndipo wafikirie tiketi. Wakifika hapo, wakubaliane kwa maandishi kwamba malipo ya kikundi hayategemei mauzo ya mlangoni, kwa sababu mwanamuziki aliyesafiri siku mbili hapaswi kubeba hasara ya uamuzi ambao hakuufanya.

Lamu ina njia ya kati. Tamasha la utamaduni la Lamu, ambalo mara nyingi hufanyika Novemba, huwakusanya wenyeji na wageni kwa ngoma, mashindano ya majahazi na mbio za punda, na Ngome ya Lamu imekuwa mahali pa maonyesho na mikusanyiko. Shabiki wa Lamu mwenye busara hataandaa onyesho lake mwenyewe. Atawaandikia waandaaji wa tamasha miezi mingi mapema, akiambatanisha rekodi na maelezo ya kikundi. Maulidi ya Lamu ni jambo jingine kabisa. Ni ibada na ziara, na kuutumia umati wake kuitangaza taarab ni kukosa adabu ambako kutakiharibia kikundi jina. Ni vizuri pia kukumbuka kuwa masikio ya Lamu ni makali. Zein l'Abdin, mpigaji udi aliyeheshimiwa Afrika Mashariki nzima, alizaliwa huko, na wapo wazee wanaotofautisha mkono mzuri wa udi na mkono wa kubahatisha tangu kifunguzi. Peleka Lamu kikundi kilichofanya mazoezi.

Wageni wa hoteli

Malindi ina Waitaliano wengi, wakazi na watalii, na baadhi ya mashabiki huona kuwa hao ndio daraja la kukifikisha kikundi Ulaya. Wazo hilo lina msingi. Them Mushrooms walijijengea jina katika hoteli za Pwani, na wimbo wao mmoja wa miaka ya 1980, uliotungwa kwa ajili ya wageni, ulirekodiwa upya na Boney M., kundi la pop la Ujerumani, mwaka 1983. Lakini wimbo ule ulikuwa wa maneno mepesi ambayo mgeni aliweza kuyashika kabla ya kurudi kwao. Taarab asilia ni mashairi na mafumbo, na mgeni asiyejua lugha atasikia sauti nzuri tu.

Kwa wasikilizaji hao, kazi yenye faida kubwa ambayo shabiki anaweza kuifanya ni kuandika maneno ya nyimbo kwa usahihi na kuyatafsiri kwa Kiitaliano au Kiingereza, akishirikiana na mtu anayeijua lugha hiyo vizuri, na kumwonyesha mtunzi kabla ya kuyatoa. YouTube iliondoa mwaka 2020 nafasi ya watazamaji kuchangia manukuu katika video za wengine, kwa hiyo tafsiri ipelekwe kwa mwenye chaneli ili aiweke mwenyewe. Maneno yanaweza pia kuwekwa Musixmatch, ambayo huyapeleka Spotify. Ukilinganisha kazi hii na kugawa vipeperushi hotelini, kipeperushi hufika kwa wengi na hutupwa siku ile ile. Tafsiri hufika kwa wachache na hubaki. Tena humsaidia hata Mswahili kijana wa Malindi ambaye mafumbo yamempita.

Zaidi ya wageni wa hoteli, lipo tamasha la Sauti za Busara la Unguja, lililoanza mwaka 2004 na ambalo kwa kawaida huwa Februari, ambako waandaaji wa matamasha kutoka nchi nyingi huja kutafuta vikundi. Kama kikundi chako bado hakijapanda jukwaa lile, video ya onyesho lao la Malindi ikiwa na sauti safi ni kitu ambacho wanaweza kukiambatanisha na maombi yao.

Flashi na tuktuk

Kuna wanaosema njia fupi kuliko zote ni kuwapa madereva wa tuktuk na vibanda vinavyojaza nyimbo flashi yenye kazi zote za kikundi. Wimbo utasikika mjini, hilo ni kweli. Lakini mwenye kibanda atauuza, kikundi hakitapata kitu, na abiria hatajua jina. Naikubali njia hii kwa wimbo mmoja tu ambao kikundi kimeutoa kwa kusudi hilo, ukiwa na sauti ya mwimbaji mwanzoni akijitambulisha yeye na kikundi chake.

Nani achague nini

Mwanafunzi mwenye simu na bando la wiki asukume kiungo cha YouTube, aandike maneno ya nyimbo, na asiahidi kumleta mtu. Mama aliye katika chama cha kina mama ana nguvu kuliko anavyojijua, kwa sababu vyama hivyo ndivyo vinavyoshauri nani aimbe harusi gani. Yeye aende moja kwa moja kwenye harusi na asipoteze muda kwenye mitandao. Mfanyabiashara anayetaka kusaidia kwa fedha asikimbilie kuandaa ukumbi. Alipe nauli ya kundi la watu watano kwa harusi ya mtu asiye na uwezo mkubwa, na atakuwa amewafaa watu wawili kwa shilingi moja. Mashabiki walio wengi na wanaoelewana wagawane: wawili redioni, mmoja kwenye simu, mmoja akizungumza na kikundi, na fedha zote zipite kwa mtu mmoja anayeandika kila kitu.

Kalenda nayo iangaliwe, kwa maana inaamua zaidi ya fedha. Harusi nyingi za Waislamu wa Pwani hufanyika kabla ya Ramadhani na baada yake, na ndani ya Ramadhani taarab hunyamaza. Kwa hiyo kuomba nyimbo redioni kuna faida kubwa katika Mfunguo Nane na Mfunguo Tisa, familia zinapoanza kupanga harusi za Rajabu na Shaabani. Anayekitaka kikundi kwa harusi ya Mfunguo Mosi awe amekwisha kuzungumza nacho kabla Rajabu haijaisha, kwa sababu pasi za kusafiria za watu sita na ombi la Uhamiaji haviwezi kukamilishwa katika siku za mwisho za mfungo, wakati ofisi zinafungwa mapema na kila mtu yuko katika pilikapilika za Idi.